Kitambaa Juu ya Kompyuta

Nyumbani kwa mama yangu, kule Munje, hakuna kitu kinachokaa uchi. Redio ina kitambaa. Televisheni ina kitambaa, friji lina kitambaa chenye pindo la maua, na hata jagi la maji lina kofia yake ya uzi iliyotiwa shanga pembeni ili upepo usiipeperushe. Vyote amevifuma mwenyewe kwa sindano ile yenye kulabu, ameketi barazani, mdomo unazungumza na jirani na mikono inaendelea na kazi yake. Ukimwuliza kwa nini, atakuambia ni chumvi. Tuko karibu mno na bahari, na chuma kisichofunikwa huku hakimalizi mwaka bila kutu. Hilo ni kweli. Lakini kuna na jingine: mama huona aibu kwa niaba ya vitu. Kitu kikiingia nyumbani mwake hakina nguo, atakitafutia nguo.

Nayasema haya mapema ili mtu asije akamlaumu mama. Wa kulaumiwa katika habari hii ni mimi, na mimi sikuzoea kulaumiwa. Nasimamia chumba cha kufulia cha hoteli moja Diani. Mashuka ya vyumba vyote hupita mbele yangu, na kazi yangu ni kulaumu wengine. Wasichana ninaofanya nao kazi huniita pilipili nikiwapa mgongo, wakidhani sijui.

Mambo yalianza na macho ya mama. Daktari alituambia ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone yangesaidia kuzuia kidogo. Wakati huo mama alikuwa akiona katikati tu. Pembeni kote kulikuwa giza, na mwenyewe alisema ni kama anachungulia ndani ya bomba.

"Na hili bomba litabaki mpaka lini, mwanangu?" akamwuliza daktari.

Daktari akasema hawezi kumwahidi. Mama akamshukuru, akamwombea dua, tukatoka. Nje, kabla hatujafika getini, akanishika mkono.

"Mimi nataka kumwona mdogo wangu," akasema. "Haya mengine basi."

Mdogo wake, yaani mama yangu mdogo, yuko Muscat. Aliolewa huko akiwa msichana. Mama ndiye aliyemlea, kwa sababu mama yao alifariki mapema, na mama akawa anambeba mgongoni hali yeye mwenyewe bado ni mtoto. Mara ya mwisho kuja nyumbani ilikuwa alipozikwa baba yao. Siku hizi magoti yamemwisha, hawezi safari. Simu zipo, ndiyo, na mama mdogo alikuwa akipiga kila Ijumaa baada ya alasiri. Lakini mpe mama simu yenye picha uone. Alikuwa akiisogeza karibu na jicho hata kule upande wa pili hakionekani kitu.

"Dada," mama mdogo akawa analalamika, "mimi naona tundu la pua tu!"

Tukacheka. Lakini mama alipoirudisha simu mkononi mwangu alisema polepole, "Sikumwona. Niliona kitu kinang'aa."

Basi kikatakiwa kioo kikubwa. Televisheni yetu ni ile ya zamani yenye kisogo, haijui mambo ya kupigiana simu. Mfanyakazi mwenzangu mmoja akaniambia kuna kompyuta za kipande kimoja, skrini na mwili vyote pamoja, kubwa kama dirisha, na kamera yake imo ndani. Mpya bei zake hazishikiki. Lakini zipo zilizotumika ng'ambo maofisini zikatengenezwa upya, na Ukunda kuna mtu anaziuza.

Mtu huyo ni wa bara. Nilimkuta amevaa sweta, jua lote lile, na moyo wangu ukasema huyu hata joto halijui, atajua nini.

"Mathe, hii ni ex-UK," akaniambia. "Ilikuwa kwa ofisi moja huko, wakabadilisha zote siku moja. Kampuni kubwa hii. Jina tu linatosha."

"Mtumba," nikasema.

"Si mtumba, mathe. Imefunguliwa, ikasafishwa, ikawekwa diski mpya."

"Kitu kikivaliwa na mtu mwingine kikaletwa kwangu ni mtumba. Usinifundishe, mimi nafua mashuka ya watu."

Akacheka, tukaanza kuvutana. Mimi nikianza kuvutana bei sisikii kingine. Nakumbuka aliweka kiganja juu ya ile kompyuta, upande wa nyuma, penye matundu madogo yaliyojipanga, akasema, "Mathe, hapa juu usiweke kitu. Hapa ndipo inapumulia. Na ikikataa usiipeleke kwa mtu mwingine, niletee mimi, kwa maana hii kampuni spea zake ni zake peke yake." Nami nikasema haya, haya, nimesikia, macho yangu yako kwenye kipanya kilichokuwa kabatini, kwa sababu nilikwisha kuamua kwamba sitoki pale bila kuongezewa kipanya. Kipanya nilikipata. Maneno yake nikayaacha juu ya kaunta.

Ijumaa ya kwanza mama alioga, akajifunga leso mpya, akajipaka na marashi, nikamwambia mama, marashi hayafiki Muscat. Akaniambia ninyamaze niwashe mtambo wangu. Nikaunganisha na simu yangu ipate mtandao, tukangoja, kisha uso wa mama mdogo ukaja, ukajaa kioo kizima.

Mama alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo, akaanza kukigeuza kichwa taratibu, akiutafuta ule uso kipande kwa kipande kupitia lile bomba lake. Akaanza na paji, akashuka kwenye jicho moja, akaenda la pili. Alipofika mdomoni akapiga ukelele.

"Umezeeka!"

"Na wewe je? Huko kwako hakuna kioo?"

Wakacheka huku wanalia, wakaingia kwenye Kidigo cha utotoni, cha haraka, mpaka mimi niliyezaliwa humo nikaachwa nyuma. Kisha mama akasema, "Lete kidevu." Mama mdogo akakileta kidevu karibu na kamera, na hapo palikuwa na kovu dogo. Siku moja alianguka juu ya kinu mama akiwa ndiye anayemwangalia.

"Lipo bado," mama akasema.

"Litakwenda wapi? Si wewe uliyeniangusha?"

"Uliruka mwenyewe, wallahi."

Wamelibishania kovu hilo tangu kabla sijazaliwa. Nilitoka nikawaachia chumba.

Ijumaa ya pili nilipofika, kompyuta ilikuwa imekwisha kuvishwa. Kitambaa cheupe chenye pindo la kijani, kimekaa juu kama kofia na kuteremka nyuma shibiri nzima, kikabana vizuri kabisa. Na mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema, "Mashallah, mama, sasa imekuwa ya nyumbani." Tena nikakipiga picha nikawatumia wenzangu kazini. Hakuna hata sehemu moja ya kichwa changu iliyokumbuka kiganja cha yule mtu wa Ukunda. Na mama angekivua kwa nini? Televisheni haijavuliwa kitambaa chake tangu iingie mle ndani, na inafanya kazi.

Ijumaa ya tatu ikaanza kunguruma. Ilikuwa inavuma hata wale wawili wakawa wanapandishiana sauti.

"Hii ina nini leo?" mama akauliza.

"Ni joto tu," nikamjibu, nikaenda nikaleta feni ya mezani nikaielekezea. Mwenye akili mimi! Mama mdogo alikuwa katikati ya kueleza harusi ya mjukuu wake, kioo kikazima pu! Nilipowasha tena ikalia pii, pii, yakaja maandishi ya Kiingereza kwenye weusi, kwamba feni ya ndani haifanyi kazi na kwa hiyo haitaendelea. Nikabonyeza tena. Pii, pii.

"Atapiga tena," mama akasema, akabaki ameketi pale pale na leso yake mpya.

Nikampelekea fundi mmoja Msambweni mjini, anayetengeneza redio na simu. Akahangaika kwanza na skrubu za kompyuta, kwa sababu vichwa vyake ni vya nyota na bisibisi zake zote ni za msalaba. Alipoifungua alitoa feni nyingine nzuri tu, akatazama kichwa cha waya. Feni zote za dunia hii, akaniambia, zina matundu matatu au manne. Hii ya kwao ina matano. Ile ya zamani hakuichungulia hata ndani, akaunganisha waya kwa waya. Feni ikazunguka mbele ya macho yangu. Na kompyuta ikasema, pii, pii, sina feni.

"Si hiyo inazunguka?" nikasema.

"Inazunguka, dada. Lakini haiitambui. Kampuni hii ina wivu, inataka ile iliyozaliwa nayo."

Alaa! Mimi nilipandwa na mori. Kule kazini mkanda wa mashine ya kufulia ukikatika tunatia mkanda wowote wenye urefu ule, na mashuka yanatoka meupe. Hii ni feni, kazi yake ni upepo, upepo una jina la kampuni? Fundi akaniambia hata chaja yake ni hivyo hivyo: katikati ina kijisindano, na ukichomeka isiyo ya kwao inakuambia haikujui. Umeme ni huu huu wa sisi sote, lakini yenyewe inauliza umeletwa na nani. Nikajiambia yule mtu wa sweta alijua yote haya. Ameniuzia kitu kibovu akitegemea nirudi nimpigie magoti kwa spea.

Kwa hiyo nikarudi Ukunda. Kompyuta niliifunga kwa shuka, na ili kioo kisikwaruzwe nikaivalisha kwanza kitambaa chake. Nikaibeba mwenyewe mpaka dukani, nikaitua juu ya kaunta. Walikuwapo wateja wawili.

"Mwizi wewe!" nikamwambia. Sikumsalimu. "Umemwuzia mama wa watu maiti! Mama mzee, macho yanakwisha, unamwuzia maiti ya kompyuta!"

Niliyasema na mengine. Nilimtaja na bara yake. Naona haya hata kuyaandika.

"Mathe, keti kwanza," akasema.

Sikuketi. Akalifungua shuka, akakiona kitambaa. Akakishika kwa ncha za vidole, akakivua, akakikunja vizuri akakiweka kando, nami hapo ndipo moyo ulipoanza kunishuka, kwa sababu nilimwona anavyoyatazama yale matundu. Akafungua mgongo. Feni ya zamani, aliyoirudishia fundi wa Msambweni, ilikuwa imejaa vumbi jeupe la uzi, limeshikana kama pamba ya mto. Akachukua kikoleo chembamba, akavuta. Ukatoka uzi wa kijani. Akaendelea kuvuta, na uzi ukaendelea kutoka, ulikuwa umejizungusha kwenye mhimili mpaka ukaukaza. Alipoumaliza akaulaza juu ya kaunta karibu na kile kitambaa chenye pindo la kijani.

Mteja mmoja akakohoa. Ningalimsamehe kama angalicheka kabisa.

Pale ndipo palipokuwa mahali pa kuomba radhi. Badala yake nikasema, "Haya. Niagizie hiyo feni," kwa sauti ile ile, kana kwamba bado haki ni yangu. Nikatoka shingo imesimama na masikio yanawaka moto.

Alipouliza Nairobi, feni hiyo haikuwapo. Huwezi kuingia duka la spea ukaomba feni ya kompyuta ile kama unavyoomba balbu. Ni lazima utafute mtu aliye na kompyuta nyingine ya namna ile iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Mtu kama huyo alipatikana Mombasa. Akaileta feni mpaka Likoni, ikafika Ukunda, ikawa siyo. Nambari zote kwenye karatasi yake zilikuwa zile zile, isipokuwa herufi ya mwisho, na kwa sababu ya herufi moja mdomo wake wa kutolea upepo ulitazama kushoto badala ya kulia. Ikarudishwa. Tukaanza upya.

Na kila Ijumaa mama alioga, akajifunga leso, akauliza, "Imekuja?"

"Bado, mama."

"Haya. Inshallah."

Akaongea na mdogo wake kwa simu ya sikioni, kisha akanirudishia. Jirani yetu mwalimu alitukopesha kompyuta yake ndogo siku moja, lakini kioo chake kilikuwa hafifu, mama akauzungusha uso juu yake weee, asipate pa kushika. Akamshukuru mwalimu akasema ni nzuri sana. Baadaye akaniambia, "Sauti yake hainikimbii. Sura ndiyo inayonikimbia." Nilikwenda nje nikampigia simu mtu wa Ukunda nikamwuliza habari ya feni, kwa ukali, nikakata.

Kitambaa nilikuwa nimerudi nacho, nikakificha sandukuni. Mama nilimwambia feni ilichakaa tu, vitu vya kuvaliwa na wengine ndivyo vilivyo. Lakini siku moja alinyosha mkono kwenye kabati zinapokaa nguo za vitu vyake, akapapasa.

"Kitambaa cha kompyuta kiko wapi?"

"Kinafuliwa."

"Kinafuliwa wiki ya ngapi hii? Hotelini kwenu ndivyo mnavyofua?"

Nikaketi nikamweleza yote. Nikamwambia kwamba niliambiwa siku ya kununua, waziwazi, na kwamba nilikuwa nashughulika na kipanya. Nikamwambia na maneno niliyomtukana yule mtu. Mama alisikiliza, mikono imetulia mapajani.

"Kosa si la kitambaa," nikasema.

"Najua si la kitambaa," akajibu. "Kitambaa hakina masikio. Wewe unayo." Kisha akauliza, "Hayo matundu yako wapi hasa?"

Kompyuta yenyewe ilikuwa Ukunda. Akaniambia nimwonyeshe kwenye televisheni, kwa kukadiria. Nikasema, hapa juu, mama, nyuma. Akasema, "Nishike mkono." Nikamshika mkono nikauweka. Akapima kwa vidole: kutoka pembeni shibiri moja na vidole vitatu, kwenda chini vidole viwili. Akarudia mara mbili, akitamka kwa midomo bila sauti. Nikaona ni ule uhodari wake wa kupima tu. Mtu ananiambia nimshike mkono nimwonyeshe, nami nikaona ni uhodari.

Feni ya pili ilipofika nilikwenda kuichukua kompyuta nimejiandalia hotuba. Mtu wa Ukunda aliinuka aliponiona.

"Shikamoo, mathe," akasema.

Hotuba yote ikanitoka. Sijui nani alimfundisha, au alikuwa anaijua siku zote ila mimi sikumpa nafasi.

"Marahaba," nikamjibu. "Nimekuja kukuomba radhi. Nilikuita mwizi mbele za watu, na radhi nakuomba mbele za watu." Dukani palikuwa na mama mmoja tu anayechagua chaja ya simu. Nikamgeukia. "Dada, nisamehe, ni wewe peke yako uliyepo, lakini utatosha. Huyu bwana si mwizi. Aliniambia nisifunike, nikafunika."

Yule mama akasema, "Subhanallah, haya," akaendelea na chaja zake.

"Yalikwisha, mathe," mtu wa Ukunda akasema. Akaiwasha. Haikulia pii. Ilikuwa kimya mpaka nikaweka sikio kuhakikisha inapumua. "Mama anaendeleaje na macho?"

"Anaendelea," nikasema.

Niliifikisha Munje siku ya Alhamisi, na mama alikuwa amenitangulia. Akatoa kitambaa kipya ndani ya mfuko. Tulipokivisha nikashangaa. Nyuma, juu, alikuwa ameacha dirisha, refu na jembamba, lenye kingo zilizofumwa kwa kukaza ili uzi usilegee. Dirisha lilikaa juu ya matundu sawasawa. Hata tundu moja halikufunikwa.

"Imepata pa kupumulia?" akauliza.

"Imepata, mama. Lo! Umejuaje?"

"Si ulinishika mkono?"

Pindo ndilo lililonichekesha. Lilianza kijani, likafika katikati likawa kahawia, likamalizia na buluu. Mama huyu niliwahi kumwona akifumua kitambaa cha meza kizima kwa sababu nyekundu ya mwisho haikulingana na nyekundu ya kwanza. Nikamtania, nikasema, rangi tatu, mama, ndiyo fashoni mpya?

"Ndiyo, fashoni," akasema.

Kesho yake, baada ya alasiri, nikawasha. Mama ameketi na leso yake, mimi niko mkekani kando na birika la kahawa. Uso wa mama mdogo ukaja, mkubwa, safi, na sauti yake ikajaa chumba.

"Mashallah!" mama akasema. "Mashallah, mdogo wangu! Na hilo vazi la kijani limekupendeza."

Nikainua macho. Mama mdogo alikuwa amevaa baibui jeusi na mtandio mweusi. Hapakuwa na kijani mle ndani, si ukutani, si popote.

Mama mdogo aliinamia nguo yake, akaitazama. Kisha nikamwona anamtazama dada yake. Mama alikuwa anatabasamu, uso ameuelekeza chini kidogo, pale sauti inapotokea.

"Ahsante, dada," mama mdogo akasema. "Nilijua utalipenda." Akajifuta macho kwa ncha ya ule mtandio mweusi, bila kufanya sauti, akaanza kusimulia habari ya harusi pale ilipokatikia.

Nikainuka nikaenda jikoni kutafuta sukari, na sukari ilikuwa mkekani. Mimi si mtu wa kulia. Nilisimama karibu na mtungi nikauma leso nikalia, nikihesabu Ijumaa. Zilikuwa sita. Ijumaa sita nilizozitupa mimi, kwa kutokusikia sentensi moja ya mtu aliyevaa sweta. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote.

Walipoagana nikarudi nikaketi miguuni pake.

"Tangu lini, mama?"

Hakujifanya haelewi. "Ile wiki feni ya Mombasa iliporudishwa," akasema. "Niliamka alfajiri kusali, nikaona bomba limefungwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungemla yule mtu wa watu mzima mzima. Tena ungejila na wewe." Akanitafuta kichwa, akakipata, akakiwekea mkono. "Nilimwona Ijumaa tatu. Kovu nililiona. Usinihesabie zile ambazo sikuona."

Nikasema, kwa ujinga wangu, kwamba basi kompyuta haina kazi tena, nitairudisha, yule mtu ataipatia mteja mwingine.

"Ala! Airudishe nani?" mama akasema, na akanipiga kofi dogo la kichwa. "Mimi simwoni. Yeye bado ananiona mimi."

Ijumaa iliyofuata aliniomba ile leso yake mpya, ya njano. Nikamfunga, nikampaka wanja. Nikaketi naye kitini, bega kwa bega, nikawasha, na kabla mama mdogo hajamaliza salamu, mama akanigeukia.

"Leo amevaa nini?"

"Maruni, mama. Ina nakshi mikononi."

"Kweli?"

"Wallahi."

"Na Ijumaa iliyopita, ilikuwa kijani?"

Nikamtazama mama mdogo kwenye kioo, naye akaweka mkono mdomoni.

"Ilikuwa nyeusi, mama. Nyeusi tupu."

Mama alicheka mpaka akashika mbavu. Alicheka hata machozi yakamharibia wanja niliompaka. "Mwongo we!" akakipigia kelele kile kioo. "Mwongo mkubwa! Tangu siku ya kinu!"

"Aliyeanza ni nani?" mama mdogo akajibu, naye anacheka, naye analia. "Hebu dada, acha kuinama. Nikuone."

Mama akainua uso, lakini akaupeleka pembeni, dirishani. Nikamshika kidevu, nikamgeuza taratibu kuelekea lile tundu dogo la kamera lililo juu ya kioo, nikamwinua kidogo, kisha kidogo tena, mpaka mama mdogo aliposema, "Hapo."